Kuvuta si kubeba: jinsi pikapu inavyotayarishwa kuvuta tela kubwa



Je, umewahi kupakia gari la ng'ombe? Kama umewahi, basi nusu ya somo hili unalijua tayari.

Ukipakia magunia yote mbele, mzigo unalala juu ya shingo za ng'ombe. Ng'ombe wanainamisha vichwa. Baada ya mwendo mfupi wanakataa kwenda. Ukipakia magunia yote nyuma, mti wa gari unanyanyuka juu, na nira inawakaba ng'ombe kooni. Mpakiaji mwenye akili hupanga magunia ili mzigo mwingi ukae juu ya magurudumu, na kidogo tu ulale kwenye nira.

Pikapu inayovuta tela ni vivyo hivyo. Tofauti ni moja. Ng'ombe akizidiwa, hulala chini, nawe unajua. Pikapu ikizidiwa haisemi. Inakwenda tu, mpaka siku ya mteremko.

Niliyoyaona kwa macho yangu

Mwaka mmoja wa mavuno mazuri nilikuwa gulioni. Pikapu moja ilipita ikivuta tela la magurudumu mawili. Pikapu ilijaa magunia ya mahindi mpaka juu. Tela nalo lilijaa. Juu ya magunia ya tela walikaa vijana wawili. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri kabisa. Dereva alipiga honi, na watu wakampungia mikono.

Kisha barabara ikaanza kuteremka kwenda mtoni. Tela likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto tena, na kila mara likizidi. Dereva akakanyaga breki. Lakini tela halikuwa na breki zake. Likaisukuma pikapu kutoka nyuma, pikapu ikakaa kimshazari barabarani, na tela likalala ubavu. Kijana mmoja alivunjika mguu. Mahindi ya watu yalimwagika mchangani.

Tulipokuwa tunayazoa mahindi, alifika fundi mmoja mzee.

"Shikamoo fundi," dereva alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Gari lilikuwa na ubovu gani?"

"Hata mimi sijui, fundi. Gari lilikuwa linavuta vizuri sana!"

"Kuvuta lilivuta," mzee alijibu. "Nami sikuulizi habari ya kuvuta. Je, lilikuwa linaweza kubeba? Je, lilikuwa linaweza kusimama?"

Dereva alinyamaza. Sisi nasi tukanyamaza. Maneno ya mzee yule ndiyo somo letu la leo. Gari lenye tela lina kazi tatu: kuvuta, kubeba na kusimama. Watu wengi huuliza ile ya kwanza tu.

Matela ya aina mbili

Aina ya kwanza ni tela linaloning'inia nyuma ya gari. Hili ndilo tunalolijua vijijini. Mti wake unashikwa na ndoano au tufe la chuma lililofungwa nyuma kabisa ya gari, chini ya mlango wa bodi.

Aina ya pili ni tela linalokalia gari. Sehemu yake ya mbele inapanda juu ya mgongo wa gari, na uzito wake unalala juu ya magurudumu ya nyuma. Aina hii pia umeiona. Simama kando ya barabara kuu, mathalani ile itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Yale magari marefu yenye kichwa mbele na tela refu nyuma ni ya aina hii. Tela lake halina magurudumu ya mbele. Nusu yake ya mbele imekaa juu ya kichwa.

Mahali pale tela linapokaa pana sahani nene ya chuma. Sahani hiyo ina mkato nyuma na taya katikati. Chini ya tela kuna pini ya chuma inayoelekea chini. Pini inaingia katika mkato, taya zinaifunga, na tela linaweza kugeuka kushoto na kulia juu ya sahani. Sahani hiyo hupakwa grisi ili tela ligeuke bila kukwaruza.

Madereva na mafundi wa nchi nyingi huiita sahani hiyo "gurudumu la tano". Jina hili ni la zamani, tangu wakati wa magari ya farasi. Gari la farasi lilikuwa na magurudumu manne. Juu ya ekseli ya mbele iliwekwa pete ya chuma iliyolala, ili ekseli iweze kugeuka. Pete ile ilifanana na gurudumu lililolazwa. Watu wakaiita gurudumu la tano.

Mwaka 1914, katika mji wa Detroit huko Marekani, mhunzi aitwaye August Fruehauf aliombwa na mteja atengeneze chombo cha kubebea mashua. Alitengeneza tela ambalo sehemu yake ya mbele ililala juu ya gari dogo la Ford. Tela la namna hiyo lilipendwa na wafanyabiashara, na kazi yake ikakua na kuwa kiwanda kikubwa cha matela.

Huko Marekani na Kanada, siku hizi, hata pikapu hufungwa sahani ya namna hii. Familia huvuta nyumba nzima ya magurudumu, yenye vitanda, jiko na tangi la maji. Wafugaji hutumia tela lililo ndugu yake kusafirishia ng'ombe na majani makavu. Pini ya nyumba zile ina unene wa inchi 2, yaani kama sentimita 5. Ni kipimo kile kile cha pini nyingi za magari makubwa yanayopita barabarani kwetu.

Kwa nini tela lilikalie gari?

Chukua ndoo ya maji. Itwike kichwani. Utatembea nayo mpaka nyumbani, tena ukizungumza na wenzako. Sasa ishike ndoo ile ile kwa mkono mmoja ulionyooshwa nyuma yako. Hutafika mbali. Nayo ndoo itakuyumbisha.

Uzito ni ule ule. Mahali pa kuubebea ndipo palipobadilika.

Tela linaloning'inia nyuma ni kama ndoo ya mkononi. Linabonyeza mkia wa gari, na pua ya gari inanyanyuka. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani haushiki barabara sawasawa. Tela likiyumba, linauvuta mkia wa gari huku na huku.

Tela linalokaa juu ya sahani ni kama ndoo ya kichwani. Uzito unashuka moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma. Mkia wa gari hauvutwi ovyo. Ndiyo maana tela la namna hii linaweza kuwa kubwa zaidi na likatulia zaidi.

Lakini hapa pana mtego. Ndoo ya kichwani inatulia, ni kweli. Hata hivyo shingo ni yako, nayo ina kiasi chake.

Hesabu ya kubeba

Tela linaloning'inia nyuma linapaswa kuweka juu ya gari kama sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wake. Tela la sahani huweka nyingi zaidi. Mara nyingi ni sehemu 15 hadi 25 katika kila 100. Watu wengi hupiga hesabu kwa 20.

Tuchukue kalamu na karatasi. Tutachukua mfano wa pikapu kubwa kama zile za Marekani. Namba hizi ni za mfano. Namba za gari lako zimo katika kitabu cha gari, na katika kibao au karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva.

Uzito wote unaoruhusiwa, gari na mzigo: kilo 4,500.
Uzito wa pikapu tupu: kilo 3,200.
Basi pikapu inaweza kubeba: kilo 1,300.

Muuzaji anakuambia, "Pikapu hii inavuta tani 6 bila wasiwasi." Huenda anasema kweli. Wewe unanunua tela ambalo likijaa lina tani 5. Unajiona mwangalifu, maana umebakiza tani nzima. Haya, tuhesabu.

Sehemu 20 katika kila 100 za kilo 5,000 ni kilo 1,000. Hizo zinakaa juu ya mgongo wa pikapu.
Toa katika 1,300. Zinabaki kilo 300.
Sahani na vyuma vyake vina kilo 90. Zinabaki 210.
Dereva ana kilo 70. Mkewe ana 70. Mtoto ana 40. Jumla ni 180. Zinabaki 30.
Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Sanduku la spana na jeki lina kilo 25. Jumla ni 45.

Umezidisha kilo 15. Na bado hujapakia hata gunia moja ndani ya pikapu!

Umeona, ndugu msomaji? Pikapu ile inaweza kulivuta tela lile. Lakini haiwezi kulibeba. Kosa hili huwapata hata watu wa nchi zenye barabara nzuri na mizani kila mahali, kwa sababu tangazo la kuuzia gari hutaja tani za kuvuta kwa herufi kubwa. Kilo za kubeba zimeandikwa kwa herufi ndogo mlangoni. Aliyejifunza kusoma asome na herufi ndogo.

Basi kabla ya kununua tela, fanya mambo haya:

1. Soma uzito wote ambao gari linaruhusiwa kuwa nao.
2. Soma uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba.
3. Soma uzito wa gari na tela kwa pamoja unaoruhusiwa.
4. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa na watu na vitu vyake. Usikisie.
5. Fuata namba iliyo ndogo kuliko zote. Mnyororo hukatikia palipo pembamba.

Kufunga sahani

Kazi hii si ya kujaribu nyumbani. Ni ya fundi mwenye vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo. Hata hivyo mwenye gari anapaswa kujua anachokikagua.

Kwanza, mihimili ya sahani ifungwe kwa bolti kwenye chasisi. Chasisi ni mifupa ya gari. Bati la bodi ni ngozi tu. Tela lililofungwa kwenye ngozi litaondoka na ngozi. Tena bolti zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Pili, katikati ya sahani pakae juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo kama sentimita 5. Pasikae nyuma ya ekseli. Pakikaa nyuma, tumerudi kwenye ndoo ya mkononi.

Tatu, angalia urefu wa bodi. Bodi ndefu ya pikapu za Marekani ina futi 8, yaani kama mita 2.4. Hapo tela lina nafasi ya kugeuka. Bodi ikiwa fupi, pembe ya tela inaweza kugonga chumba cha dereva na kuvunja kioo wakati wa kukata kona kali. Kwa bodi fupi ipo sahani inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kugeuka taratibu.

Nne, angalia kimo. Tela likae sawa na ardhi, lisiiname mbele wala nyuma. Kati ya tumbo la tela na kingo za bodi pabaki nafasi kama sentimita 15. Barabarani kuna mashimo na matuta. Pasipo nafasi, tela litaziponda kingo za pikapu.

Pikapu nyingi ndogo tunazozitumia hapa kwetu hazikutengenezwa kwa kazi hii. Usikubali mtu akuchomelee sahani juu ya bodi ya pikapu ndogo kwa kuwa tu amewahi kuona gari kubwa likifanya hivyo.

Springi haziongezi tani

Jambo hili tulitazame vizuri, maana linatuhusu sana. Gari likiinama nyuma, wengi wetu hukimbilia kwa fundi na kusema, "Niongezee springi." Springi zinaongezwa, mkia unanyanyuka, na mwenye gari anafurahi. Huko ng'ambo nako watu huweka mifuko ya upepo juu ya ekseli, na mkia unanyanyuka vilevile.

Lakini jiulize. Je, ekseli imekuwa nene? Je, bearingi zimekuwa kubwa? Je, rimu na matairi yamebadilika? Je, breki zimeongezeka? Hapana. Springi zimeficha tu dalili ya ugonjwa. Ni sawa na mgonjwa wa malaria aliyemeza dawa ya maumivu. Kichwa kimeacha kuuma, lakini malaria bado yumo mwilini.

Springi ngumu zinasaidia gari lisilozidisha uzito likae sawa. Haziruhusu hata kilo moja zaidi ya ile iliyoandikwa na kiwanda.

Matairi nayo yana kipimo chake. Ubavuni mwa tairi pameandikwa mzigo mkubwa kabisa linaoweza kubeba, na upepo unaohitajika kwa mzigo huo. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto, na tairi lenye joto hupasuka. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa bado baridi. Pima ya gari, kisha ya tela.

Kusimama

Sasa tufike kwenye neno la tatu la yule mzee. Gari lililo peke yake linasimamisha uzito wake lenyewe. Gari lenye tela linasimamisha uzito wake, na wa mwenzake anayelisukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo tela kubwa hapana budi liwe na breki zake lenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani ni sheria.

Magari makubwa ya tela hutumia breki za upepo. Matela ya pikapu huko Marekani mara nyingi hutumia breki za umeme. Waya unatoka kwenye pikapu kwenda kwenye magurudumu ya tela. Karibu na usukani kuna kisanduku kidogo. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kinapeleka umeme, na magurudumu ya tela yanashika pamoja na ya gari. Kisanduku hicho kina kidude cha kusukuma kwa mkono. Dereva anaweza kushika breki za tela peke yake. Tela likianza kuyumba, breki hizo zikishikwa taratibu hulinyoosha.

Tela lina pia betri yake ndogo na kamba ya waya iliyofungwa kwenye gari. Tela likichomoka safarini, kamba inavuta kizibo, na betri inashika breki za tela. Tela linasimama lenyewe, badala ya kwenda kumpata mtoto aendaye shule.

Plagi ile ile ya waya inapeleka pia taa za nyuma, taa za breki na taa za kugeukia. Zijaribu zote kabla ya kuondoka. Mwambie mwenzio asimame nyuma ya tela akuitikie.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Ajali nyingine huanzia hapa, gari likiwa limesimama. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke hata moja.

1. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya tela. Jiwe la mviringo si kabari.
2. Fungua mlango wa bodi wa nyuma. Fungua taya za sahani.
3. Kwa miguu ya tela, rekebisha kimo. Tumbo la tela liwe chini ya uso wa sahani kwa kiasi kidogo sana, ili sahani ikipita chini yake ilinyanyue kidogo.
4. Rudi nyuma polepole na kwa mstari ulionyooka. Mtu asisimame kati ya gari na tela.
5. Utasikia mlio wa chuma. Zima gari, vuta breki ya mkono, ushuke. Sikio peke yake halitoshi.
6. Tazama kwa tochi. Taya ziwe zimezunguka shingo ya pini. Kati ya sahani na tumbo la tela pasionekane mwanga. Ukiona mwanga, pini imekaa juu ya taya, haikuingia. Ukiondoka hivyo, tela litaangukia bodi ya pikapu.
7. Weka kizuizi cha kufungia taya.
8. Unganisha plagi ya umeme na kamba ya breki.
9. Shika breki za tela kwa mkono, kisha jaribu kuvuta mbele kidogo. Miguu ya tela iwe bado karibu na ardhi, na kabari ziwe mahali pake. Kama pini haikushika, ni bora ujue sasa.
10. Nyanyua miguu mpaka juu. Funga mlango wa bodi. Ondoa kabari. Jaribu taa zote.

Kisha zunguka gari lote mara moja zaidi kwa miguu.

Njiani

Tela halifuati nyayo za gari. Kwenye kona, magurudumu ya tela hukata ndani. Kwa hiyo nenda mbele zaidi kabla ya kukata kona. Usipofanya hivyo, tela litapanda juu ya ukingo, au juu ya baiskeli ya mtu.

Mwendo ukizidishwa mara mbili, njia ya kusimamia baada ya kukanyaga breki inakuwa kama mara nne. Kwa hiyo kaa mbali na gari lililo mbele yako.

Kabla ya mteremko, punguza mwendo na ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Iache injini ilizuie gari. Anayekanyaga breki mfululizo kutoka juu mpaka chini huzipasha joto, na breki zilizopata joto kali hazishiki tena. Madereva wanaoshuka Kitonga, kule Iringa, wanalijua jambo hili. Huwaoni wakikimbia pale wakiwa na mzigo.

Na sisi je?

Huenda kijiji chenu hakina pikapu yenye sahani. Pengine kikundi chenu kina pikapu ndogo na tela la magurudumu mawili, au trekta ndogo la kulimia lenye tela. Somo ni lile lile. Na jambo moja mnaweza kulifanya wiki hii, bila kununua chochote.

Chukueni mizani ya kupimia mazao, ile ya kuweka chini. Simamisheni tela lililopakiwa mahali palipo tambarare. Wekeni kabari kwenye magurudumu. Juu ya mizani wekeni gogo imara, lenye kimo sawa na ndoano ya gari. Lazeni mti wa tela juu ya gogo, someni namba, kisha toeni uzito wa gogo.

Tuseme tela na mzigo wake lina kilo 800. Sehemu 10 katika 100 ni kilo 80. Sehemu 15 ni kilo 120. Basi mizani ionyeshe kati ya 80 na 120. Ikionyesha 40, mkia wa tela ni mzito, nalo litayumba. Sogezeni gunia moja mbele, mpime tena. Ikionyesha 200, sogezeni gunia nyuma. Angalieni pia kitabu cha gari, mwone ndoano inaruhusiwa kubebeshwa kilo ngapi. Kama inaruhusiwa chini ya hapo, punguzeni mzigo.

Tena msisahau mnyororo wa akiba kati ya gari na tela. Na watu wasipande juu ya tela. Gunia likianguka huzolewa. Mtu hazoleki.

Yule kijana aliyevunjika mguu alipona, lakini anachechemea mpaka leo. Dereva naye bado anaendesha. Kila anapopakia, huwauliza wenzake maswali matatu ya mzee, kwa sauti, mbele ya watu wote: "Linavuta? Linabeba? Litasimama?" Likikosa jibu swali moja, magunia yanashushwa.

Maneno ya kukumbuka

Sahani: chuma kinene kinachokaliwa na tela juu ya gari.
Pini: chuma kilicho chini ya tela, kinachoingia katika sahani.
Taya: vyuma vinavyoifunga pini isitoke.
Chasisi: mihimili ya chini inayobeba gari lote.
Kabari: kipande cha mti au chuma cha kuzuia gurudumu lisibingirike.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini tela lililopakiwa nyuma zaidi huyumba? Elezeni kwa mfano wa gari la ng'ombe.
2. Pikapu inaruhusiwa kuwa na kilo 2,700 kwa jumla. Ikiwa tupu ina kilo 1,700. Ndani wamekaa watu watatu, kila mmoja ana kilo 70. Mti wa tela unaibebesha kilo 100. Mnaweza kupakia magunia mangapi ya kilo 100 ndani ya pikapu?
3. Mwenzenu anasema, "Nimeongeza springi, sasa naweza kupakia zaidi." Mtamjibu nini?
4. Tela la kijiji chenu lina breki? Kama halina, mmekubaliana nini kuhusu mwendo, uzito na miteremko?